Maswali ya wasomaji: Betri imekufa, au imesingiziwa tu?

Tangu baridi ya Juni ishike mji wa Lubumbashi, barua zinazofika kwenye meza hii zimeelemea upande mmoja: gari linalala zima na kuamka bubu. Hilo halishangazi, kwa kuwa betri iliyochakazwa na joto la Septemba na Oktoba huficha ugonjwa wake mpaka asubuhi ya baridi, wakati oili imekuwa nzito na stata inadai nguvu zaidi. Nimechagua barua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inabeba swali la wengi, yaani bei.

Swali. Mzee, jambo sana. Mimi ni mwalimu, naishi Kampemba, na nina RAV4 ya mwaka 2004 iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika huko. Wiki iliyopita lilikataa kuwaka asubuhi mara mbili, na mara zote jirani aliliwasha kwa nyaya kutoka kwenye gari lake. Nililipeleka kwa wakala wa magari mapya, nikaambiwa kwamba betri imekufa na kwamba kuibadilisha kutanigharimu dola 260, kazi ikiwa ndani. Shemeji yangu anasema nitapata betri sokoni kwa dola 90. Naogopa kunyonywa huku, na naogopa kuuziwa takataka kule. Betri ya sasa imeandikwa 55D23L. Nifanye nini? (Mama mwalimu, Kampemba)

Jibu. Mama mwalimu, kando ya dola 260 na dola 90 kuna bei ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia, nayo ni sifuri. Katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu alipima kitu. Wakala alisikia kwamba gari limekataa mara mbili, akatangaza msiba. Lakini betri iliyoishiwa chaji na betri iliyokufa ni vitu viwili, kama mtungi mtupu na mtungi uliopasuka: wa kwanza hujazwa na wa pili hutupwa, na kwa kuitazama ukiwa mbali huwezi kuitofautisha.

Azima multimeta, kile kipimo kidogo cha mafundi wa redio, au nunua ya kwako, kwani bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya betri. Liache gari lipumzike usiku kucha kila kitu kikiwa kimezimwa, na asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, weka waya mwekundu wa kipimo kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha na mweusi kwenye kile chenye alama ya kutoa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 haina kitu. Ikiganda karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, ujue kwamba chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita kimekufa, maana kila chumba hutoa volti mbili na kidogo, na hapo kweli hakuna dawa.

Namba ikiwa ndogo, usikimbilie dukani. Peleka betri kwa mwenye chaja, umwombe aichaji polepole: kwa betri ya ukubwa wa yako, ampea 5 au 6 kwa usiku mzima zinatosha, ilhali wale wanaoishindilia ampea 30 kwa saa moja ili wampokee mteja mwingine wanaipika. Ikirudi, iache usiku mmoja bila kuifunga, kisha pima tena. Ikiwa bado inashika 12.5 au zaidi, ifunge na umwombe mtu awashe gari huku wewe ukitazama kipimo. Stata inapozunguka, namba itaporomoka. Ikibaki juu ya 10, betri ni nzima. Ikianguka chini ya 9.6, imechoka, na ikicheza katikati ya hapo, itakuvusha miezi michache, nawe uanze kuweka akiba.

Ukiwa bado umeshika kipimo, fanya jambo moja zaidi ambalo hata mafundi hulisahau. Gusisha ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha betri, ile nguzo ya risasi, na ncha ya pili kwenye kibano cha waya kilichoikumbatia, kisha mtu awashe gari. Vitu hivyo viwili vimegusana, kwa hiyo kipimo kinapaswa kubaki karibu na sifuri. Kikipanda kupita nusu volti, umeme unapotelea pale pale, katika ule unga mweupe wenye rangi ya kijani unaoota kama ukungu, au katika kibano kilicholegea. Dawa yake ni maji ya moto yenye kijiko cha soda ya kuokea, brashi ya waya, na vaselini kidogo baada ya kukaza. Nakiri kwamba somo hili nililinunua. Miaka mingi iliyopita garaji moja ya mjini iliniuzia betri mpya, na baada ya siku nne gari likakataa tena. Kosa lilikuwa kwenye kibano cha waya wa hasi, ambacho niliweza kukizungusha kwa vidole viwili. Betri niliyowaachia kama mbovu sina shaka ilimfaa mtu.

Sasa tuseme umepima na kweli imekufa. Dola 260 zinalipia nini? Makampuni ya magari, kwa kawaida, hayatengenezi betri za aina hii. Huzinunua kwa viwanda vya betri na kubandika juu jina la gari. Unacholipia kwa wakala, kwa hiyo, ni jina hilo, jengo lake, fundi mwenye sare na dhamana iliyoandikwa. Dhamana ina thamani, siikatai. Lakini kazi yenyewe, kwa gari kama lako, ni ya robo saa na spana moja ya namba 10, na betri ya kiwanda kinachojulikana, yenye herufi na namba zile zile, itafanya kazi ile ile bila jina la gari juu yake.

Namba hizo ndizo ngao yako dukani, basi zielewe. Katika 55D23L, ile 55 si ampea, ingawa wauzaji wengi watakuapia kwamba ndiyo. Ni daraja la nguvu katika kipimo cha Kijapani, na ukikuta 65 au 75 mbele ya D23L ni betri yenye nguvu zaidi katika sanduku la ukubwa ule ule, ambayo unaweza kuifunga bila hofu. Herufi D inataja upana na kimo cha sanduku, na 23 ni urefu wake kwa sentimita. L ya mwisho inaeleza upande vilikokaa vichwa: ukiigeuza betri ili vichwa viwe karibu nawe, chanya iko mkono wa kulia. Ukiuziwa 55D23R, kila kitu kitalingana isipokuwa kwamba chanya itakuwa kushoto, nyaya zako hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta mpaka zifike au, Mungu apishe mbali, atazifunga kinyume na kuunguza kompyuta ya gari. Angalia pia unene wa vichwa, kwa sababu sanduku za herufi B mara nyingi huwa na vichwa vyembamba, na kibano kipana kikifungwa juu yake kwa kujazwa vipande vya kopo ni chanzo cha tatizo nililokwisha kulieleza.

Muuzaji atakusifia pia herufi CCA, akisema kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo bora. Hizo hupima uwezo wa kuwasha gari kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na Lubumbashi hatujawahi kuamka na baridi ya namna hiyo. Zisipungue zile za betri ya kwanza, basi. Zaidi ya hapo usiongeze dola.

Kabla ya kulipa, pima volti palepale dukani. Betri hujila yenyewe ikiwa imekaa, na nyingi kati ya hizi zimevuka bahari, zikangoja bandarini, zikapanda lori mpaka Kasumbalesa, kisha zikakaa juani mbele ya duka. Ikisoma chini ya 12.4, mwambie aichaji kwanza au akupe nyingine. Kisha ipime uzito. Betri ya kweli ya ukubwa huu, ikiwa na tindikali yake ndani, hukaribia kilo 14 hadi 16, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi. Ya uongo ina bamba chache na jepesi, na rangi nzuri ya sanduku haiwezi kuongeza kilo. Mizani ya mama anayeuza tomsoni inatosha kabisa, mradi utandike mfuko wa plastiki ili samaki wa watu wasionje tindikali. Mwishowe dai risiti yenye tarehe, namba ya betri na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Swali. Papa, jambo. Mimi ni dereva wa teksi hapa mtaa wa Kenya. Betri zangu hazifikishi miezi sita. Nimekwisha kununua tatu tangu mwaka jana, zote za bei nafuu, na kila mara mwenye duka ananiambia nilikosea kwa kutonunua ya bei ghali. Je, ni kweli? (Dereva wa Kenya)

Jibu. Ndugu dereva, betri moja ikifa mapema, laumu betri. Tatu zikifuatana, ligeukie gari. Washa injini, iache ilie polepole, na upime volti kwenye vichwa vya betri: zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni na redio, upime tena. Namba ikianguka chini ya 13.2, altaneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haikulishi. Angalia kwanza mkanda wake kama umelegea au umeng'aa kama kioo, kwa sababu mkanda ni rahisi na altaneta si rahisi. Na ikipanda juu ya 15, kidhibiti chake kimeharibika na betri zako zote tatu zimechemshwa mpaka maji yakaisha. Hata ile ya bei ghali ingechemka vilevile, ila ingekuuma zaidi mfukoni.

Jambo la pili ni kile chuma kinachoibana betri isicheze. Katika teksi nyingi ninazozifungua hakipo, na mahali pake pana mpira wa baiskeli au hapana kitu. Kwa barabara zetu, betri isiyobanwa hupigapiga siku nzima, unga ulioshikana na bamba zake hudondoka chini, na unga ukijaa huko bamba mbili huunganishwa na chumba hufa. Kipande hicho cha chuma hukatwa na mchomeleaji yeyote kwa bei ya soda mbili tatu.

La tatu nalisema kwa tahadhari, kwa sababu sijaziona betri zako. Mjini kuna betri zilizofufuliwa: betri kuukuu hufunguliwa au huoshwa, hutiwa tindikali mpya, huchajiwa kwa nguvu, hupakwa rangi na kubandikwa karatasi inayong'aa. Zikitoka hapo husoma volti 12.7 kama bibi harusi, na kwa wiki chache hufanya kazi. Tazama vichwa vyake. Risasi mpya haina mikwaruzo. Ukikuta alama za meno ya kibano zilizosuguliwa kwa msasa, au kichwa kimekonda kuliko cha kawaida, kimekwisha kuvaliwa na gari lingine. Pitisha kucha pembeni mwa kibandiko: gundi ya zamani huacha kingo. Tazama pia mshono wa mfuniko, ambao kiwandani huwa mnyofu kama uzi, lakini ukifunguliwa na kuyeyushwa tena kwa moto huwa na mawimbi. Sisemi kwamba kila anayefufua betri ni mwizi, kwani wapo wanaokuambia wazi na kukupunguzia bei. Kuuza ya kufufuliwa kwa bei ya mpya, huo ndio wizi.

Na ikiwa betri yako ina vifuniko vya kufunguka, chungulia kila mwezi. Bamba zisipofunikwa na maji, ongeza maji safi ya betri peke yake, kamwe usiongeze tindikali. Chupa hizo mbili huuzwa meza moja na hufanana kama mapacha, na wauzaji wenyewe hukosea. Dondosha tone kwenye chembe ya soda ya kuokea: likitoa povu ni tindikali.

Swali. Mzee, nataka kubadilisha betri ya Corolla ya baba kwa mikono yangu, lakini rafiki aliniambia kwamba nikikosea waya wa kwanza naweza kufa kwa umeme. (Kijana wa Katuba)

Jibu. Mwanangu, volti 12 hazitakuua ukizigusa kwa mikono mikavu. Kinachoumiza ni moto. Bodi yote ya gari imeunganishwa na upande wa hasi. Kwa hiyo ukianza kulegeza chanya, na mkia wa spana ukagusa chuma cha bodi, mamia ya ampea yatapita ndani ya spana hiyo. Nimeona spana ikiwa nyekundu na kushikana na bodi kabla mwenye nayo hajamaliza kusema "mama!". Ndiyo sababu hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho: ikishatoka, hata ukigusa bodi kwa spana, umeme hauna njia ya kurudi.

Zima gari, toa ufunguo, vua pete na saa ya chuma, na usivute sigara wala usimruhusu jirani avute, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka. Legeza hasi, ifunge kwa kitambaa isirudi yenyewe, legeza chanya, toa chuma cha kubana, kisha inua betri kwa mgongo ulionyooka ikiwa wima. Safisha kitako chake. Weka mpya, ibane, funga chanya, malizia na hasi. Cheche ndogo mwishoni ni ya kawaida. Tindikali ikikurukia ngozini au, vibaya zaidi, jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima ndipo uende hospitali. Usianze safari kabla ya maji.

Saa ya gari itarudi mwanzo, na injini inaweza kulia kwa kupandapanda siku ya kwanza mpaka kompyuta izoee. Lakini muulize baba kama redio ina namba ya siri kabla hujakata umeme, si baada.

Swali. Bwana Mhariri, sisi wa Ruashi umeme wa SNEL ukikatika jioni, naingiza betri ya gari ndani ya nyumba, naifunga kwenye invata, na watoto wanaangalia televisheni. Asubuhi naichaji umeme ukirudi. Mke wangu anasema ndiyo inayoua betri. Tumekubaliana wewe uamue. (Baba wa watoto watano, Ruashi)

Jibu. Mama ameshinda, na hesabu inamtetea. Televisheni ya wati 40 na taa mbili za wati 5, ukiongeza zile wati ambazo invata yenyewe inakula, zinavuta karibu ampea 5. Kwa saa tano za jioni umetoa ampea-saa 24 hivi, nayo betri yako labda ni ya 60. Kuwasha gari, kwa upande wake, huvuta ampea 200 hivi lakini kwa sekunde tatu tu, kiasi kisichofika hata robo ya ampea-saa moja. Jioni moja ya sinema, kwa maneno mengine, ni sawa na kuwasha gari zaidi ya mara mia.

Betri ya gari imeundwa kwa ajili ya zile sekunde tatu. Bamba zake ni nyembamba na nyingi ili zitoe nguvu kubwa kwa mkupuo, na kila zinaposhushwa hadi nusu au chini ya hapo huvimba, hupukutika na kufunikwa na ganda gumu linalozuia chaji, hasa betri ikilala tupu mpaka umeme urudi. Betri za sola zina bamba nene na huvumilia zaidi, ingawa nazo hazipendi kukaushwa. Ukilazimika, weka mpaka: pima kila baada ya muda, na ikifika 12.2 zima televisheni hata kama mchezo umefika dakika ya 89. Na usiichaji chumbani walikolala watoto; nimekwisha kuitaja gesi ile.

Swali. Nina gari la Ulaya ambalo huzima lenyewe linaposimama kwenye taa na kuwaka tena nikiachia breki. Wakala anasema betri lazima iwe ya kwake na lazima "iandikishwe" kwenye kompyuta. Je, ananidanganya? (Msomaji wa mjini kati)

Jibu. Amechanganya kweli na biashara. Gari la namna hiyo halihitaji betri ya kawaida, bali ile iliyoandikwa AGM au EFB, na lililotoka kiwandani na AGM lirudishiwe AGM. Ukiweka ya kawaida itachoka upesi kwa kuwashwa mara hamsini kwa siku. Kuandikisha nako kupo: katika baadhi ya magari, BMW kwa mfano, kompyuta hurekebisha chaji kulingana na umri wa betri, na isipoambiwa kwamba umeweka mpya itaendelea kuilisha kama mzee. Uongo uko kwenye neno "ya kwake". AGM ya kiwanda kingine yenye vipimo vile vile inafaa, na fundi wa umeme mwenye kifaa cha kusomea kompyuta za magari ataiandikisha kwa dakika chache. Omba bei ya kuandikisha peke yake. Hata wakala, akibanwa vizuri, huitaja.

Swali. Ninaendesha lori la Kolwezi. Betri moja kati ya mbili imekufa. Bosi anataka kununua moja tu. (Dereva wa lori)

Jibu. Lori lako linatumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo, na chaji ile ile hupita katika zote mbili. Mpya ikifungwa pamoja na mkongwe, mkongwe hujaa upesi na kuchemka huku mpya ikibaki na njaa, na baada ya miezi kadhaa bosi atanunua tena. Mshauri anunue mbili za aina moja, ukubwa mmoja na tarehe zinazokaribiana. Chunguza pia kama kuna mtu aliyevuta waya wa redio kutoka betri moja ili apate volti 12, kwa sababu hiyo ndiyo huanza kuugua. Dawa ni kile kifaa cha kushusha 24 kuwa 12.

Swali. Betri kuukuu nimwachie mwenye duka? Vijana wa kwetu wanazivunja na kuyeyusha risasi ili watengeneze vyuma vya nyavu. (Mama wa Annexe)

Jibu. Usimwachie bure, mama, na usiwape vijana hao. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, ndiyo maana ina soko. Mwambie mwenye duka akupunguzie bei ya mpya kwa kuirudisha ya zamani, na akikataa ipeleke kwa wanunuzi wa betri mbovu. Lakini uani isivunjwe. Moshi wa risasi na vumbi lake hukaa kwenye udongo, huingia kwa mikono na midomo ya watoto wanaocheza hapo, na hudhuru ubongo wao bila homa wala kikohozi cha kukushtua. Malori yanayovuka Kasumbalesa kwenda Lusaka hupita Kabwe, mji ambao mgodi wake wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo watoto wanaozaliwa huko wanabeba sumu hiyo katika damu yao.

Isafirishe ikiwa wima, ndani ya karai la plastiki, si juu ya kiti cha nyuma, kwa sababu tone moja la tindikali hutoboa kitambaa siku mbili baadaye, wakati umekwisha kusahau. Na kabla ya kuondoka ipitishe kwenye mizani ile ile ya samaki, uandike kilo zake kwenye karatasi: mnunuzi hulipa kwa kilo, na mizani yake haikosi njaa.